Jina Langu Kwenye Boksi

Mtu anayeshusha abiria wa mwisho saa sita usiku hawezi kuwa nyumbani saa tatu. Ni hesabu nyepesi, lakini mtaa wetu ulishindwa kuipiga kwa muda mrefu. Nilikuwa deiwaka kwenye daladala za Mbagala. Kondakta wa gari akiugua, akichoka au akienda msibani, mimi ndiye ninayeshika mlango. Gari likishalazwa na hesabu ya tajiri ikishafungwa, nakula chipsi za kibandani, kisha nateremka kwa miguu kupitia vichochoro, begi mgongoni, kofia imenifunika hadi kwenye nyusi. Ungenichungulia dirishani saa saba usiku, ungesema nini? Majirani zangu walisema.

Mwanzoni mwa Januari 2015 Dar es Salaam nzima ilitaharuki kwa habari za panya road, vijana waliotembea kwa makundi na mapanga wakipora kila waliyemkuta njiani. Kuna jioni maduka yalifungwa na watu wakatimua mbio ilhali wengi wao hawajamwona hata panya road mmoja. Polisi wakaanza msako, vijana wakazolewa kwa mamia. Mtaani kwetu hofu ilikuwa na sababu zake za karibu zaidi: wanawake walikuwa wanapigwa roba alfajiri wakielekea kituoni, na mitungi ya gesi ilikuwa inayeyuka majikoni. Ukaitishwa mkutano, na uamuzi uliopita ulikuwa kupiga kura za siri.

Msomaji wa Tanzania hahitaji kuelezwa sana. Mwaka 2009, wakati wa mauaji ya watu wenye ualbino, Serikali yenyewe iliendesha kura za namna hiyo ili wananchi wawataje wauaji bila kuogopa. Kwetu walichukua boksi la maji ya chupa, wakalitoboa juu, kila mtu akapewa kikaratasi aandike anayemjua kuwa ni kibaka. Mimi nilikuwa kazini. Mama alikuwepo. Alirudisha karatasi yake tupu, akakaa kusikiliza majina yakisomwa, na langu likasomwa.

Niliporudi usiku ule nilimkuta amekaa mlangoni, taa imezimwa.

"Wamekusoma," akaniambia.

"Nani kanitaja?"

"Sasa nitajuaje, mwanangu? Ni karatasi."

Siku chache baadaye nilichukuliwa. Kituo sitakitaja, wala sina haja ya kuwasema askari waliokuwa zamu, maana walikuwa na orodha mkononi na orodha ilitoka kwetu. Nililala ndani. Hakuna aliyekuja kusema nimemwibia nini, lini, wapi. Mama akaenda kuomba barua ya serikali ya mtaa, akaja kunidhamini, tukarudi nyumbani kwa bajaji bila kusemezana.

Kulala rumande kunasahaulika. Kilichonikaa ni kwamba sikuwa na mtu wa kumwendea. Laiti ningemjua aliyeniandika, ningebisha hodi kwake mchana kweupe, "Shikamoo mama, nimekuchukulia nini?" Tungegombana, tungeitana kwa mjumbe, mwisho tungeyamaliza. Lakini karatasi haina mlango wa kubisha. Ikawa kila anayenirudishia salamu kwa mkato namhesabu. Mwenye duka alipokataa kunikopesha vocha nikasema ndiye huyu. Mama wa genge alipomvuta mwanawe nilipopita nikasema, kumbe ni huyu. Nikaishi hivyo kwa miezi, nikiwapigia kura wenzangu moyoni.

Na wizi haukupungua. Hili watu walilinyamazia, kwa hiyo nalisema mimi: waliotajwa kwenye boksi walikuwa ndani, wengine wamekimbilia mikoani, na bado fundi cherehani mmoja alivunjiwa akaachiwa meza tupu.

Wazo la lindo likarudi. Nasema likarudi kwa sababu halikuwa jipya. Mama anakumbuka sungusungu wa mwanzoni mwa miaka ya 1990, Augustino Mrema akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani: kila nyumba itoe mwanamume wa kulinda usiku au itoe pesa, na ukichelewa kurudi ukikutana nao barabarani, maelezo yako unayatoa huku umepigishwa magoti. Baadaye, mwaka 2006 Saidi Mwema aliposhika ukuu wa Jeshi la Polisi, likaja jina la polisi jamii, na vikundi vya ulinzi shirikishi vikaanza kuundwa mitaani. Kwetu kiliundwa na kufa zaidi ya mara moja, na kila mara kwa ugonjwa uleule: pesa. Michango ilikusanywa bila stakabadhi, walinzi hawakulipwa, tochi zikaenda nyumbani kwa mtu. Mama alipinga lindo jipya, na hakuwa peke yake.

Aliyeligeuza jambo lile ni fundi baiskeli mmoja, mzee wa Kisukuma ambaye mtaa mzima humwamkia. Hakuwa na cheo. Alisimama mkutanoni akasema anataka kueleza sungusungu walivyoanza kwao, kwa sababu anaona watu wanalitumia jina bila kujua shughuli yake.

Baada ya vita vya Kagera, alisema, silaha zilizagaa, na wezi wa ng'ombe wakaja na bunduki badala ya fimbo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kuanzia pande za Kahama, wananchi wakajikusanya wenyewe bila kutumwa, wakachagua viongozi wao, wakashika pinde, mishale na firimbi. Yowe likipigwa, kila mwanamume anatoka na njia zote zinafungwa. Asiyetoka anatozwa faini. Zikafuatwa kwato za ng'ombe kijiji hadi kijiji mpaka zizi linapatikana. Mwalimu Nyerere akawaunga mkono, na mwaka 1989 sheria za mgambo zikarekebishwa ili kuwatambua. Hapo watu wakapiga makofi, maana hayo ndiyo tuliyozoea kuyasikia. Mzee akawanyamazisha kwa mkono.

"Sijamaliza. Sungusungu haohao walianza kutafuta na wachawi. Mwizi wa ng'ombe ana kwato za kufuata. Mchawi ana nini? Ana jirani asiyempenda. Vikongwe walifukuzwa vijijini kwa maneno ya watu wasiojulikana. Nyinyi mwaka huu mmefuata kwato za nani?"

Kisha akasema neno lililoleta kelele: vijana waliosomwa kwenye boksi waingizwe kwenye lindo. Hawa ndio wanaokuwa macho usiku, ndio wanaojua kichochoro kipi kinatokea wapi, na wengi wao hawana shughuli ya kueleweka. Mtu mmoja akauliza kama tunataka kumkabidhi fisi bucha. Wakacheka. Mzee akamjibu kwamba bucha limeshaibiwa fisi akiwa ndani, basi tutafute aliyekula.

Sikuingia siku ile, nilikuwa na hasira. Niliingia baadaye, na si kwa ajili ya kuusafisha moyo. Gari nililokuwa napata deiwaka liliuzwa, na nikasikia safari hii walinzi wangelipwa posho. Watu wanapenda ushuhuda uanze na mwanga wa ghafla. Wangu ulianza na kukosa nauli.

Kamanda wetu alikuwa askari mstaafu wa JWTZ, mtu wa maneno machache na buti zilizong'arishwa hata kwenye tope la masika. Alileta kanuni ya kwanza: hapigwi mtu. Sheria inamruhusu raia kumkamata anayemwona akitenda kosa, lakini inamtaka amkabidhi polisi bila kuchelewa. Haimpi ruhusa ya kumwadhibu. Kanuni ya pili ilitoka kwa mzee wa baiskeli, na ndiyo iliyonibakisha: hakuna tuhuma isiyo na jina. Anayesema fulani ni mwizi aje mezani, jina lake liandikwe, namba ya simu, alichokiona, siku na saa, halafu atie saini. Anayeogopa wenzake wasimsikie aende kwa afande wa kata, lakini hata kule atajitaja. Daftari wakanipa mimi, eti kwa kuwa hati yangu inasomeka na nimezoea hesabu za tajiri. Nadhani mzee alikuwa na sababu nyingine. Sikumuuliza.

Watu wa nje wanadhani lindo ni kukimbizana na wezi. Ni kutembea, kukaa, kunywa kahawa ya tangawizi na kashata, na kuandika. Kila kaya ilichangia shilingi 2,000 kwa mwezi, ikapewa stakabadhi yenye namba, na mapato na matumizi yakasomwa mbele ya mkutano mkuu wa mtaa hadi bei ya betri za tochi. Tulikuwa na firimbi, marungu na reflekta tulizopewa na vijana wa bodaboda. Majina yetu yote, pamoja na picha, yalikuwa kituoni. Hilo la picha baadhi yetu lilituuma, ila kamanda akasema mlinzi asiyetaka kujulikana na polisi anataka kumlinda nani?

Daftari lilitufundisha jambo ambalo mkutano usingelijua. Tulikuwa tunalinda kuanzia saa nne usiku, na ifikapo saa tisa macho yamechoka, wengi wanasinzia barazani. Nilipopanga matukio kwa saa zake, mengi yalikuwa kati ya saa kumi na saa kumi na mbili alfajiri. Ndiyo saa ya wanawake wanaokwenda Feri kununua samaki, wapishi wa chapati, wanafunzi wanaowahi magari. Kibaka hakuwa na haja ya kukesha. Alilala vizuri, akaamka na adhana. Tukagawa zamu upya. Walinzi wa alfajiri wakawa wanasimama kwenye njia mbili zinazoelekea kituo cha daladala, na wenye kwenda Feri wakakubaliana kutoka kwa makundi. Roba zikapungua mpaka zikawa habari ya kushangaza inapotokea. Sidhani tuliwamaliza vibaka. Nadhani walihamia mtaa wa pili, na watu wa kule wakaja kutuuliza tulifanyaje, nasi tukawapa kanuni zote mbili.

Halafu kulikuwa na taa. Tuliwaomba wenye nyumba waache balbu moja ya nje iwake, wakalalamikia LUKU, tukabembelezana nyumba kwa nyumba. Na kulikuwa na pagale. Nyumba iliyofikia linta na kuachwa, mwenyewe yuko Mwanza, ndani kumejaa magodoro ya mateja na pochi zilizokwisha kupekuliwa. Mtendaji alimtafuta mwenye nyumba kwa simu mpaka akachoka, mwishowe mwenye nyumba akatuma mdogo wake kuziba madirisha kwa tofali. Matofali yale yalifanya kazi kubwa kuliko marungu yetu yote.

Kero moja ndogo niiseme hapahapa. Nusu ya watu unaowasimamisha usiku wanatoka kwenye mapenzi. Mwanzoni vijana wetu walipenda sana kuuliza mtu anatoka kwa nani, na yakawa maneno ya kijiweni asubuhi. Kamanda akapiga marufuku: ukishamjua mtu na unapajua kwake, mwache apite. Lindo linalohesabu wapenzi litaanza kuuza siri, na likishauza siri litauza na mengine. Kwa kweli wawili waliuza. Walipokea pesa kwa mwenye bodaboda aliyebeba mali isiyo yake, tukagundua, wakaondolewa na majina yao yakasomwa mkutanoni, wao wenyewe wamekaa pale pale wakisikiliza, na wakapewa nafasi ya kujibu.

Usiku nilioliamini daftari ulikuwa wa mtungi wa gesi. Kijana mdogo, sidhani alikuwa amefika miaka ishirini, alinaswa getini na mtungi wa kilo sita begani. Firimbi ikapigwa, na kabla hatujajua la kufanya kichochoro kilikuwa kimejaa. Wapo waliotoka na taulo viunoni. Mtu akampiga, sikio likachanika. Mwingine akawa anamuuliza dereva wa bodaboda kama ana petroli kwenye chupa. Wote tunajua sentensi inayofuata kwenye gazeti, ile ya wananchi wenye hasira kali.

Kamanda akamkalisha kijana chini. Wanne wetu tukamzunguka, migongo kwake, nyuso kwa watu.

"Huyu yuko chini ya ulinzi. Tunampeleka kituoni. Katibu, andika mashahidi."

Nikafungua daftari, tochi mdomoni. Aliyekuwa mbele kabisa alikuwa jirani yangu, ameshika tofali kwa mikono miwili.

"Kaka, anza wewe. Jina ninalo, nipe namba ya simu. Umeona nini?"

"Mimi? Mimi nimepita tu."

"Na hilo tofali?"

Akalitazama kana kwamba amepachikwa nalo, akaliweka chini. Nikamgeukia wa pembeni yake. Huyo akasema ana safari ya alfajiri. Mwenye petroli alikuwa ameshawasha pikipiki. Nikaendelea kuuliza kwa sauti, nani ameona, nani atakuja kutoa maelezo, na kila nikiuliza kichochoro kinapumua kidogo. Tukabaki sisi, kijana, mama mwenye mtungi na mwanawe.

Kituoni tulichukua RB, yule kijana akaandikiwa PF3 akashonwe sikio, kisha akarudishwa mahabusu. Kesi ikaenda mahakama ya mwanzo, mama akatoa ushahidi, na kijana akafungwa. Lakini mtungi ulikuwa kielelezo, nao ukakaa huko muda mrefu huku mama akipikia mkaa. Alinilaumu mimi, si mwizi. Kila nilipopita kwake alikuwa anapepea jiko kwa nguvu makusudi, nione. Haki ina gharama ambayo siku zote anabebeshwa aliyeibiwa, na sikuwa na la kumjibu. Kamati ya lindo ikamwazima mtungi mwingine. Yule kijana siku hizi anaosha pikipiki karibu na kituo cha daladala. Hatusalimiani.

Septemba 2022 habari za panya road zilirudi, safari hii na mauaji, na mkutano ukaitishwa haraka. Wengi walikuwa wapangaji wapya wasioujua mtaa wa 2015. Mtu mmoja, kwa nia njema kabisa, akapendekeza kura za siri. Watu wakaitikia kwa makofi.

Nikaomba nafasi. Nikasema wengi wenu mnanifahamu kama katibu wa lindo, mnanipa michango yenu, na funguo zenu mnaposafiri. Mwaka 2015 jina langu lilikuwa kwenye boksi. Hadi leo sijui nilituhumiwa kwa lipi. Kama kuna mtu humu aliyeniandika, simdai kitu, ila leo mezani kuna daftari, na mwenye jina la mwizi aje aliandike pamoja na lake. Mama alikuwa mstari wa nyuma, ametazama chini.

Walikuja wachache. Mmoja alikuwa na jambo zito, akapelekwa kwa polisi na likafanyiwa kazi. Mwingine alianza kumtaja jirani yake, nilipofika kwenye "umemwona akifanya nini" ikawa habari ya ukuta uliojengwa ndani ya mpaka, na saini akakataa kutia. Nikamwelekeza baraza la ardhi la kata. Kura hazikupigwa. Sitasema kila mtu aliridhika. Yule aliyezipendekeza aliniambia pale mlangoni kwamba watu waoga wataendelea kunyamaza, na hilo ni kweli. Ni kwa ajili yao namba ya polisi kata imebandikwa kwenye kila duka.

Lindo bado lipo, linachechemea. Posho inachelewa, vijana wazuri wanapata kazi viwandani wanaondoka, na kila mwezi nazunguka na kitabu cha stakabadhi nikisikiliza visingizio. Juzi nilikuwa kwenye lile pagale. Siku hizi si pagale: mwenyewe alirudi kutoka Mwanza, akapaua, akapiga rangi, akapangisha. Mpangaji alinifungulia geti kwa adabu, akanikaribisha kiti, akaniletea na maji. Nilipomtajia mchango akashangaa. Akasema tangu ahamie hajaona mwizi hata mmoja mtaa huu, sasa pesa ya ulinzi ya nini?

Nikayanywa maji yake, nikamshukuru, nikamwandika kwenye ukurasa wa wadaiwa. Nikamwonyesha, akatia saini.